Mama wa Anouar

Hamimu alisikia redioni kwamba amekufa, na ndiyo kwanza alikuwa ametoka makaburini kuzika. Udongo mwekundu ulikuwa bado umeganda kwenye viatu vyake. Alikaa kwenye benchi uani kwao, Buyenzi, katikati ya wanaume wa matanga, na jirani mmoja alikuwa ameweka simu juu ya meza ili wote wasikie matangazo ya vifo ya mchana. Tangazo lao likasomwa kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya pole ambayo watangazaji huivaa kama koti la kazi: familia ya marehemu Aboubacar na Bibi Khadidja, wa Buyenzi, inasikitika kutangaza kifo cha mtoto wao mpendwa Anouar, kilichotokea alfajiri ya leo.

"Allah amrehemu," wanaume wakasema.

Hamimu alisema nao, halafu akatambua jina lililosomwa. Aliyekufa alikuwa kweli Anouar, binamu yake, mpakuzi wa mizigo bandarini, kijana wa mabega mapana aliyeangushwa na malaria ya kichwa kabla mama yake hajapata hata mtu wa kumbeba. Lakini kule chuoni, wanakofundishwa walimu wa sekondari, Anouar alikuwa ni yeye Hamimu. Hamimu alikuwa amekwama darasa la sita mara mbili, na shule ikakataa kumpokea mara ya tatu. Anouar alikuwa amefaulu na hataki hata kusikia habari ya shule. Basi wazee wa nyumba wakakaa, wakanywa chai, wakachukua jina la huyu wakampa yule, namna watu wanavyoazimana sufuria kubwa siku ya harusi. Mtaani hakuna aliyeshangaa. Nyumba nyingi zilikuwa na sufuria yao ya kuazima.

Kosa lao ni kwamba hawakuwahi kufikiri siku ya kurudisha.

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Hamimu akaitoa, akaifunika kwa kiganja, akachungulia. Kwenye kundi la darasa lao la hesabu mtu alikuwa ameweka picha yake, ile ya wakati wa mazoezi ya ufundishaji, ameshika chaki, na pembeni mshumaa unaowaka. Chini yake ujumbe ulikuwa unamiminika. Pumzika, ndugu yetu Anouar. Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Mmoja aliandika kwamba hatasahau namna Anouar alivyopenda kucheka, na Hamimu, ambaye miaka yote ile chuoni alicheka kwa hofu kila alipoitwa jina lile, alisoma maneno yale kama yanamhusu mtu mwingine. Kwa kweli yalimhusu mtu mwingine.

Halafu ikaja sauti ya Laure, mwenzake wa dawati moja, analia: "Tunakuya saa kumi, na Prof Méthode. Mungu wangu, na kesho alikuwa na leçon yake ya mtihani!"

* * *

Alimkuta baba yake, Idi, nyuma ya nyumba, anapanga mapipa ya maji ya kuosha vyombo. Idi alikuwa fundi wa magari, mtu wa kusikia injini ikilia mbali akakwambia inaumwa nini. Alipomwona mtoto wake uso umempauka, akaweka pipa chini.

"Kuna nini?"

"Papa, wanakuya."

"Nani?"

"Watu ya chuo. Na prof mwenyewe. Wamesikia redio."

"Wanakuya kufanya nini?"

"Kunililia."

Idi alimwangalia mwanawe, akaangalia uani, akamwangalia tena. Kisha akaketi juu ya pipa.

Kuingia chuo kile kulidai mambo mengi. Diploma ya serikali, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, barua ya tabia njema kutoka kwa mkuu wa mtaa, na daktari kuthibitisha kwamba macho, masikio na sauti ya mwombaji vinafaa darasani. Kutoka kulidai zaidi: kufaulu masomo yote, kuandika tasnifu na kuitetea, kumaliza miezi ya mazoezi katika shule ya sekondari, na mwisho kabisa kusimama mbele ya wanafunzi wa kweli, jopo limekaa nyuma ya darasa na kalamu mkononi, ukafundisha somo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo tu ndilo lililokuwa limebaki kwa Hamimu. Kesho asubuhi, darasa la tisa, milinganyo. Na yote aliyoyapita, tangu cheti cha sekondari hadi barua ya tabia njema, yalikuwa ya Anouar mwana wa Aboubacar na Khadidja. Jina likianguka, yanaanguka yote kwa pamoja, na yeye anafuata nyuma yake mpaka Mpimba, gerezani.

"Waambie hauko na nguvu ya kupokea wageni," Idi alisema.

"Papa, mi ndiye nimekufa. Nitawaambia namna gani?"

Idi akafikicha uso kwa mikono inayonuka mafuta ya gari hata siku ya msiba. Aliwaza kufunga lango. Aliwaza kumficha kijana kwa jirani mpaka wageni waondoke, lakini maiti haiwezi kwenda kufundisha milinganyo kesho yake. Njia ilikuwa moja, na alipoiona alitamani asingeiona.

"Redio ilikosea," alisema polepole. "Umesikia? Redio ilikosea majina. Anouar ni muzima. Anouar ni wewe. Aliyekufa ni..." Hakumaliza.

"Ni Hamimu," kijana akammalizia.

Ndani, wanawake walikuwa wanasoma dua.

* * *

Asiya, mama yake Hamimu, aliitwa aingie jikoni. Alikuja anafuta mikono kwenye kitenge, macho mekundu kwa kilio na moshi. Idi alimweleza kwa maneno machache, akijaribu kuyafanya mepesi, kana kwamba anamwomba abadilishe kiti.

"Wakikuya, wewe ndiwe utakuwa mama ya marehemu."

"Marehemu gani?"

"Hamimu."

Asiya alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Idi, we uko na akili kweli? Niseme na kinywa yangu mwanangu amekufa? Malaika wanapita, waitikie amina? Siku ya leo, Israili bado eko hapa uani?"

"Ni kusema tu, Asiya. Wakienda imekwisha."

"Haikwishi! Kitu kama ile haikwishi." Alimshika Hamimu mkono, akaubana kama mtoto anayevushwa barabara. "Sitasema. Munichome moto, sitasema."

"Basi ukae kimya tu. Ulie. Mimi nitasema."

"Na Khadidja?" Asiya aliuliza, na sauti yake ikashuka. "Nani atamwambia wifi yangu asikuwe na msiba?"

Hilo ndilo lililokuwa linamtisha Idi kuliko jopo na kuliko polisi. Khadidja alikuwa dada yake mkubwa, mjane, mwenye chumba chake ng'ambo ya uwanja uleule. Alfajiri ile alikuwa amefumba macho ya mtoto wake wa pekee. Idi angeweza kumwomba chochote, damu au figo, lakini si hili. Hata hivyo mtu anayeogopa hana aibu ndefu. Akamtuma mwanamke mmoja amwite.

Khadidja alikuja akitembea kwa kushika ukuta. Walimpa kigoda akaketi, miguu ameinyosha mbele.

"Dada," Idi alianza.

"Nakusikia."

"Watu ya chuo wanakuya. Wanafikiri ni wa kwao amekufa. Ni kusema, Anouar. Yule wao."

"Anouar amekufa kweli."

"Ndiyo, dada. Lakini..." Idi alimeza mate. "Wakikuuliza, tunataka useme..."

"Semeni munachotaka. Niseme nini?"

"Useme mutoto yako ni muzima."

Kwenye jiko maharage yalikuwa yanachemka. Hamimu aliangalia chini. Alitamani shangazi yake apige kelele, amrushie kitu, ili jambo lile liishe vibaya na liishe haraka. Khadidja hakupiga kelele.

"Idi," alisema, "mwezi ule uliopita Anouar alikuya kwako. Alikwambia anataka kuoa, apewe jina yake akafanye karte ya kitambulisho. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia angoje."

"Angoje nini?"

"Angoje Hamimu amalize."

"Basi amengoja." Akawatazama mmoja mmoja. "Miaka yote ile alikuwa anapita bila karte. Wanamukamata barabarani, anaulizwa jina, anaogopa kuitaja jina yake. Analala kasho, kwa polisi. Asubuhi anatoka anacheka, anasema, mama usijali, jina yangu iko shule inasoma. Sasa amekufa, nanyi munataka kumunyanganya hata msiba."

Nyuma ya mlango mtu alikohoa, na Massoudi akaingia bila kubisha. Massoudi alikuwa rafiki wa marehemu, wamebeba magunia pamoja bandarini tangu wakiwa vijana wadogo, na ndiye aliyechangisha wenzake asubuhi ile wakapeleka tangazo redioni. Alikuwa amelifurahia sana tangazo lile. Alisema ndiyo mara ya kwanza jina la Anouar kutajwa na watu wenye kalamu bila mtu kukimbia.

"Nimesikia yote," Massoudi alisema. "Mzee Idi, mi nakuheshimu. Lakini mukimubadilisha jina rafiki yangu mbele ya watu, mi nitasimama niseme. Wallahi nitasema."

"Massoudi, mwanangu, utatufunga wote."

"Yeye walimufunga mara ngapi?"

Idi alimgeukia Khadidja. "Dada, mwambie."

Khadidja alijiinua kwenye kigoda taratibu. "Nimesikia," alisema, na hilo si ndiyo wala si hapana. Akarudi kwa wanawake, akishika ukuta.

* * *

Walifika saa kumi, kama walivyosema. Watu waliosoma hesabu hawachelewi. Walikuja kundi zima, wavulana na wasichana, nguo za heshima, na mbele yao Prof Méthode, mtu mwembamba mwenye tai, mzaliwa wa mtaa wa Ngagara, ambaye chuoni alikuwa msimamizi wa Hamimu katika mazoezi ya ufundishaji. Mkononi alikuwa na bahasha ndefu. Alisimama langoni, akainamisha kichwa, akatoa pole kwa sauti nzito, "Mwihangane. Mwihangane sana."

Hamimu alikuwa amepangiwa kutoka chumbani baada ya baba yake kueleza. Lakini kusubiri kulimshinda. Alihofia kwamba akikaa dakika moja zaidi ataruka ukuta. Akatoka.

Laure ndiye aliyemwona kwanza. "Yezu wangu!" alipiga ukelele, mkoba ukamdondoka, akarudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Kisha akamkimbilia, akampiga kofi la bega, akamkumbatia kwa nguvu mbele ya wazee wote wa msikiti, na Hamimu alisimama mikono imening'inia hajui aiweke wapi. Wavulana wakaanza kucheka na kulia. Mmoja alimgusa shingo, kama anatafuta mapigo ya damu.

"Nini hii?" Prof Méthode aliuliza. Hakucheka.

Idi akasogea mbele. Alikuwa ameyarudia maneno yale kichwani mpaka yakachujuka. "Prof, mutusamehe. Redio ilikosea. Huyu ndiye Anouar, mutoto ya dada yangu. Aliyekufa ni Hamimu." Akasimama kidogo. "Hamimu, mutoto yangu mi."

Kwenye mabenchi wanaume waliangalia viatu vyao. Walimjua Hamimu tangu anakimbia uchi kwenye mvua. Wengine walikuwa wamemfundisha Kurani kwa jina lake.

"Mupokee pole zetu," Prof Méthode alisema. Lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu akiona hesabu isiyolingana hawezi kugeuza ukurasa. "Ila sielewi kitu moja. Redio inaweza kukosea jina ya mutoto, sawa. Walisema na baba, Aboubacar, na mama, Khadidja. Ndiyo wazazi ya Anouar, mi nimeyasoma mwenyewe kwenye dosye yake. Wakosee vyote vitatu?"

Laure alikuwa bado amemshika Hamimu mkono.

"Nani alipeleka tangazo?" Prof aliuliza.

Kila mtu alijizuia asimtazame Massoudi, na kwa kujizuia hivyo wakamwonyesha. Massoudi akasimama kwenye benchi la mwisho, kofia mkononi.

"Ni mimi."

"Ulikosea?"

Massoudi alifungua mdomo. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alimtazama Idi, akamtazama Hamimu kwa chuki ya wazi, na Hamimu akajua kwamba ndiyo basi, kesho haipo, tasnifu haipo, na miguu yake ikajiandaa kukimbia bila yeye kuiamuru.

"Mi niko na mdomo ya bandari," Massoudi alisema mwishowe. "Sisemi kabla ya mama yake. Muingie mumuulize mama. Atakachosema mama, na mimi ni ile ile."

* * *

Sebule ilikuwa imejaa wanawake kwenye mikeka. Prof Méthode alivua viatu mlangoni. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidole, akajaribu kukificha kwa kukunja mguu. Wanafunzi wakabanana nyuma yake. Hewa ilinuka udi na jasho.

Pale ukutani, mahali anapokaa mwenye msiba, alikaa Khadidja. Mtu yeyote mwenye macho angejua. Uso ulikuwa umevimba, mtandio umemwanguka mabegani, na wanawake wawili walikuwa wamemwegemeza kila upande. Asiya alikaa kando yake, mgongo wima, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari wa meno.

"Wamama, mwihangane," Prof alisema. "Natafuta mama ya Anouar."

Prof alikuwa tayari anamtazama Khadidja na kilio chake.

"Asiya," Idi alisema kutoka mlangoni, sauti inakatika. "Asiya, muambie prof. Muambie nani ametutoka."

Asiya alifumbua kinywa. Midomo ikacheza. Alimwangalia mwanawe amesimama nyuma ya mwalimu, mzima, na shati lake jeupe, na udongo wa kaburi kwenye suruali. Alijaribu. Wanawake waliokuwa karibu walimsikia anavuta pumzi. Lakini jina la mtoto wake halikutoka, akatikisa kichwa, akafumba macho. Prof Méthode alimtazama Asiya, kisha Khadidja, kisha taratibu akageuza shingo kumtazama Hamimu.

Ndipo Khadidja akasimama. Alishika bega la Asiya kujiinua, na alipokwisha simama hakuliacha lile bega. Alilisukuma, si kwa ukali, mpaka Asiya akasogea akaegemea ukuta, mahali pale alipokuwa yeye. Akapandisha mtandio wake kichwani, akautengeneza vizuri, kama mwanamke anayetoka kupokea wageni.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Mama ya Anouar ni mimi."

"Ni wewe, mama. Na Anouar...?"

"Anouar ni ule, nyuma yako. Ulimufundisha, humujui?" Sauti ilikuwa kavu lakini haikutetemeka. "Aliyekufa ni Hamimu, mutoto ya huyu wifi yangu. Unaniona nimevimba macho juu ni mi nilimulea. Alikuwa mutoto ya nyumba hii. Watu ya bandari hawajui kutofautisha watoto yetu, walikuwa wanatuona wote ni mama moja, wakapeleka majina yote ya kwangu."

Prof Méthode alitoa pumzi ndefu. Hofu yote ya kuulizauliza kwenye nyumba ya msiba ikamtoka usoni, ikabaki furaha, furaha ya kweli ya mtu mwema aliyerudishiwa mwanafunzi wake. Alimwinamia Khadidja, akashika mikono yake yote miwili.

"Mama, ushukuru Mungu. Mungu yako ni mukubwa! Tumekuya kumuzika, tumemukuta muzima. Mutoto yako ni muzima, mama!"

"Félicitations, mama," Laure alisema nyuma yake, machozi yanamtoka. "Félicitations!" Na wanafunzi wengine wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, wakimpa Khadidja mkono wa hongera, wakimwambia ana bahati, wakimwambia wangempoteza mtu mzuri.

"Alhamdulillahi," Khadidja alikuwa anajibu. "Alhamdulillahi." Kwenye kona mwanamke mmoja mzee alishindwa, akajifunika uso kwa kanga akaangua kilio, na wageni wakadhani analia msiba. Alikuwa analia msiba.

Bahasha alipewa Asiya. Prof alipiga magoti kuiweka mikononi mwake, akamwambia hakuna uchungu kama wa mama. Bahasha ilimwanguka Asiya mara mbili, na kila mtu akaona huo ndio uchungu wenyewe.

"Kuhusu kesho," Prof aliendelea, akimgeukia Hamimu kwa upole, "usijali. Mutu akifiwa na ndugu wa nyumba moja, jury inaweza kungoja. Uniletee tu karatasi ya kifo ya Hamimu, ya daktari au ya ofisi ya zone, tutakupangia siku ingine."

"Apana!" Idi alisema kwa nguvu, na wote wakageuka. Akashusha sauti. "Apana, prof. Atakuya kesho. Hata marehemu angependa."

Khadidja hakurudi kukaa. Aliwaletea wageni chai, yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Prof Méthode, kikombe mkononi, alimsifia mtoto wake: namna anavyokuwa na subira kwa wanafunzi wazito, namna anavyoandika ubaoni bila kupindisha mstari. Khadidja alisimama na birika anasikiliza. "Na sauti?" aliuliza. "Wanamusikia mpaka nyuma?" Prof akasema sauti ndiyo shida yake, anasema kama anaogopa kuamsha mtu. Khadidja akatikisa kichwa, akaongeza chai.

* * *

Walipoondoka, Massoudi alikuwa amesimama langoni. Alimngojea Khadidja afike.

"Mama, mi nitaenda niseme nini bandarini?"

"Sema ulimubeba mpaka kaburini."

"Na jina?"

"Nenda, mwanangu."

Massoudi alivaa kofia yake, akamtazama Hamimu mara moja, akatema mate pembeni ya kiatu cha kijana, akaondoka. Hamimu alimfuata shangazi yake hadi katikati ya uwanja, akapiga magoti palepale kwenye vumbi, mbele ya wanaume wote.

"Tante, unisamehe. Kesho siendi. Nitawaambia ukweli, wanifunge. Siwezi."

"Inuka."

"Tante, siwezi kusimama pale na jina yake."

"Inuka, nimekwambia! Unafikiri nilisema vile juu yako? Mi nimekuokoa wewe?" Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilipanda, na wanaume wakaacha kuzungumza. "Nimemuzika mutoto asubuhi. Mchana nimesimama mbele ya watu nikasema sikumuzika. Sasa unataka nimuzike mara ya tatu kesho, mbele ya jury? Utaenda. Na wakiita jina pale, utaitika."

"Nitaitika."

"Namna gani?"

Hamimu alisimama, magoti meupe kwa vumbi. "Présent," alisema.

"Sikusikii."

"Présent."

"Bado unaogopa kuamsha mutu! Huyo hataamka. Itika kwa nguvu, mpaka nisikie mimi hapa uani. Mahali wataita Anouar nataka mutu aitike, umesikia? Maisha yako yote. Ukichoka, ukizeeka, wakiita, uitike. Na usiniite tante tena. Mwalimu yako akikuya hapa siku moja akusikie unaniita tante, mi nitamujibu nini?"

Hamimu alimwangalia mwanamke yule aliyemjua tangu anatambaa. Akafungua kinywa, na safari hii sauti ikatoka, kubwa kuliko alivyotarajia.

"Ndiyo, mama."

Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Ndani, akiwa ameegemea ukuta na bahasha mapajani, Asiya alisikia. Alitaka kuinuka, wanawake wakamzuia, wakamwambia tulia, mama, tulia. Langoni wanafunzi wengine wa chuo, waliochelewa njiani na kwisha kusoma kwenye kundi kwamba aliyekufa ni Hamimu, walikuwa wanaingia wakiwa wameinamisha vichwa, wakauliza kwa sauti ya chini mama wa marehemu yuko wapi.

"Eko ndani," Khadidja aliwaambia, akiwaonyesha mlango. "Ule wa ukutani."

Wakavua viatu, wakaingia, wakapiga magoti mbele ya Asiya mmoja baada ya mwingine wakimpa pole ya Hamimu, na Asiya, ambaye mchana kutwa alikuwa amekataa, aliinamisha kichwa akazipokea.